Lubugo, chupa, udongo au kipima hewa? Ulinganisho kwa kikundi kinachotaka kazi ya sanaa na mazingira Uganda

Vikundi vingi vya mazingira nchini Uganda hukwama mahali pamoja. Vijana wapo, hamu ipo, fedha kidogo zimepatikana, halafu kikao kizima kinaishia kwenye ubishi: tufanye nini hasa? Mmoja ameona kwenye simu kiwanja cha watoto kilichojengwa kwa chupa za plastiki, naye anataka kile kile. Mwingine kwao Masaka wanagonga lubugo, kitambaa cha gome la mti, anashikilia kwamba sanaa ya mazingira ni hiyo na si nyingine. Fundi mwashi anavutia upande wa matofali ya udongo yasiyochomwa. Na yule binti aliyemaliza Makerere anauliza kwa nini tusifunge kipima hewa, watu waone kwa namba wanachokivuta kila asubuhi.

Wote wana hoja. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya kikao cha namna hiyo, kiwe cha klabu ya shule Arua au Koboko, cha akina mama wa Bombo, cha vijana wa Busia au cha mtaa wowote wa Kampala. Siamini kwamba njia hizi nne ziko sawa, na swali ninalozipimia ni hili: kazi ikistawi, ni kitu gani kitalazimika kuongezeka? Lubugo ikipata soko, miti haina budi kuongezeka. Vinyago vya chupa vikipata soko, chupa hazina budi kuendelea kupatikana. Mambo mengine, kama gharama, muda na ufundi, nitayagusa pia, lakini swali hilo ndilo linalonifanya niegemee upande ninaoegemea.

Lubugo: kazi inayodai mti uwe hai

Lubugo hutengenezwa kwa gome la ndani la mutuba, mti wa jamii ya mitini ambao wataalamu wanauita Ficus natalensis. Buganda kazi hii ni ya kale kuliko ufumaji wa nguo, na kwa desturi imeshikwa na ukoo wa Ngonge chini ya Kaboggoza, fundi mkuu wa kurithi. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa hazina ya binadamu wote, na mwaka 2008 ukaandikwa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kilichoudhoofisha ni vitambaa vya pamba vilivyoletwa karne ya 19 na misafara ya biashara kutoka pwani, misafara ile ile iliyotuletea Kiswahili huku bara. Watu wakavaa pamba, na lubugo ikabaki ya kutawaza wafalme, ya misiba na ya mikutano ya jadi.

Anayetaka kuielewa kazi hii aende akaitazame msimu wa mvua, kwa sababu ndipo gome linapovunwa, mti ukiwa na maji mengi na gome likiachia kirahisi. Fundi anakwangua ganda la nje. Anakata mduara juu, mduara chini, na mstari mmoja wa wima kuviunganisha. Kisha anaingiza kipande cha shina la mgomba kilichochongwa ncha na kubandua polepole kuzunguka mti. Anatumia mgomba kwa sababu ni laini na haujeruhi tabaka linalobaki. Gome linatoka zima, zito, limelowa. Shina linabaki uchi, jeupe linaloelekea manjano, na hapo hapo linazungushiwa majani ya mgomba na kufungwa kwa kamba, kama mgonjwa anavyofungwa bandeji. Baada ya siku kadhaa majani yanafunguliwa na gome jipya linaanza kujijenga. Mti haukatwi. Fundi anayejali mti wake anaweza kuuvuna tena na tena kwa miongo.

Gome lenyewe hupitishwa kwenye moto wa majani makavu ya migomba, au huchemshwa, ili lilainike. Kisha linapelekwa kibandani na kulazwa juu ya gogo refu. Zinaingia ensaamu, nyundo za mbao zenye mifereji iliyochongwa kuzunguka kichwa. Fundi anaanza na nyundo yenye mifereji mipana na kumalizia na yenye mifereji myembamba kabisa. Kipande kilichoingia kikiwa chembamba kinapanuka mara kadhaa mbele ya macho yako. Kinapoanikwa juani, rangi hafifu inageuka kahawia yenye wekundu, rangi ya udongo wa barabara zetu. Palipotoboka hushonwa kiraka kwa mkono, na kwangu viraka vile ni sehemu ya uzuri wa kazi.

Sasa tazama ni nini kinahitajika ili kazi hiyo iendelee. Mutuba wenyewe uwe umesimama. Mgomba uwe karibu, kwa sababu bila majani na mashina yake hakuna kabari wala bandeji. Mvua inyeshe kwa wakati. Kijana awepo wa kukaa na mzee hadi mkono uzoee. Mutuba kwa kawaida husimama ndani ya shamba la kahawa na matooke, ukitoa kivuli na majani ya kulisha mifugo, kwa hiyo mkulima anayeuza gome lake ana sababu ya fedha ya kutoukata kwa ajili ya mkaa. Kwa maoni yangu hakuna hotuba ya mazingira inayoshinda sababu hiyo.

Na wasanii wa leo hawajaiacha lubugo makumbusho. Fred Mutebi, anayejulikana kwa picha za kuchapa kwa mbao zilizochongwa, amekuwa akihimiza upandaji wa mituba pamoja na sanaa yake. Jose Hendo, mbunifu wa mavazi mwenye asili ya Uganda anayefanya kazi Uingereza, ameipeleka lubugo kwenye majukwaa ya mitindo. Sanaa Gateja hushona shanga za karatasi juu ya lubugo hadi ukuta mzima unang'aa, na kazi zake zilikuwa miongoni mwa zilizoiwakilisha Uganda kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2024.

Mapungufu yapo, na yasemwe kabla fedha hazijatoka. La kwanza ni muda. Mutuba hupandwa kwa vipande vya matawi vinavyochomekwa ardhini, tena hushika kwa urahisi, lakini miaka kadhaa itapita kabla shina halijawa la kuvunwa. Kikundi kinachotakiwa kuonyesha matokeo ndani ya muhula mmoja hakitaonyesha lubugo ya miti yake chenyewe. Kitanunua ya fundi, na hilo si baya hata kidogo, maana linamlipa aliyeilinda miti tayari. La pili ni maji: lubugo isiyotiwa dawa haipendi kulowa, kwa hiyo msiifikirie kwa mikoba ya sokoni wala mapambo ya nje. La tatu ni heshima. Katika familia nyingi lubugo ni nguo ya kuzikia na ya kuwakumbuka mababu. Wako wazazi Waislamu na Wakristo ambao hawatafurahi mtoto akirudi nayo nyumbani bila maelezo. Mwalimu azungumze nao kwanza. Na kama mko nje ya Buganda, msijifanye ukoo wa Ngonge. Mkaribisheni fundi, mlipeni vizuri, jina lake liandikwe kwenye kazi.

Chupa za plastiki: kazi ya haraka yenye deni mbele

Upande wa pili wa meza kuna chupa. Sababu ya kuzichagua inaonekana kila mvua kubwa inaponyesha Kampala, mitaro ikiziba na maji kuingia ndani ya nyumba za mabondeni. Serikali ilipiga marufuku kaveera, mifuko laini ya plastiki, kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2009, na Sheria ya Mazingira ya 2019 ikarudia katazo kwa mifuko yenye unene chini ya mikroni 30, lakini nenda soko lolote leo ukanunue nyanya uone utafungiwa kwenye nini. Mwezi Agosti 2024 mlima wa taka wa Kiteezi ulioko Wakiso uliporomoka juu ya makazi na kuua zaidi ya watu 30. Baada ya msiba ule, kijana anayesema taka ndizo shida yetu ya kwanza hana haja ya kumshawishi mtu.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Ruganzu Bruno Tusingwire, msanii aliyejenga kiwanja cha michezo cha watoto kwa chupa na taka nyingine huko Acholi Quarter, mtaa wa kilimani Kireka ambako familia nyingi zilikimbilia wakati wa vita vya kaskazini. Mwaka 2012 alipata tuzo ya miji ya TED, shirika la mihadhara la Marekani, dola 10,000. Naiheshimu kazi ile. Iliwapa watoto mahali pa kucheza pasipokuwa na pa kuchezea, na ikawaonyesha wakubwa kwamba kitu kilichotupwa kinaweza kupewa umbo. Kwa kasi, kwa bei na kwa idadi ya mikono inayoweza kushiriki siku moja, hakuna kati ya hizi nne inayoishinda njia ya chupa. Watoto 100 wanaweza kufanya kazi pamoja Jumamosi moja, na jioni kitu kimesimama. Lubugo haitakupa hilo.

Ila chupa ikishakuwa kinyago, nini kinafuata? Jua letu hulila plastiki. Miale yake huifanya chupa kuwa kavu na kuvunjika, na vipande vidogo vinaingia kwenye udongo ambako hakuna mtu atakayeviokota. Kibaya zaidi ni tabia ya kupaka chupa rangi na kuzijaza mchanga au saruji. Chupa safi ya maji ina mnunuzi: inapimwa kwa kilo, inasagwa, inakuwa bidhaa nyingine. Gulu wapo Takataka Plastics wanaotengeneza vigae vya ukutani kwa plastiki iliyotumika. Chupa iliyopakwa rangi na kujazwa saruji haina mnunuzi. Mmeitoa kwenye mzunguko uliokuwa unaihitaji na kuifanya taka ya kudumu, kwa jina la mazingira. Naiona kwenye nyua za shule nyingi, bustani zilizozungushiwa chupa zilizochakaa, na inauma kwa sababu waliofanya walikuwa na nia njema kabisa.

Kwa hiyo kama mnachagua chupa, zichagueni kama kazi ya muda yenye siku ya kubomolewa. Zifungeni kwa kamba au waya, msizigandishe. Msizipake rangi, tumieni rangi zake zenyewe, kijani, buluu na zile zisizo na rangi, ambazo zikipangwa vizuri juani hupendeza kuliko rangi ya kopo. Osheni, toeni vifuniko na lebo tangu mwanzo. Maonyesho yakiisha, fungueni, pimeni kwa kilo, uzeni, na mkatangazie shule nzima ni kilo ngapi zilitoka kwenye mtaro upi. Na msiyeyushe plastiki kwenye moto wa wazi nyuma ya darasa ili kutengeneza vigae. Moshi wake ni sumu, na plastiki ya aina fulani, kama ya mabomba, ni mbaya zaidi kuliko nyingine. Kazi hiyo ina mashine zake na watu wake.

Mkiwekewa lubugo na chupa mezani peke yake, tofauti yake mimi naiona hivi: chupa zinafundisha kuona tatizo, mutuba unafundisha kutunza kitu. Shule ya mjini isiyo na hata kipande cha ardhi ina haki ya kuanza na la kwanza. Yenye ardhi isitosheke nalo.

Ususi na shanga za karatasi

Hii haimo kwenye zile njia nne, nami nitaipita haraka kwa sababu wasomaji wengi wana ndugu wa kuwafundisha. Shanga za karatasi ni ukanda mrefu wa pembetatu uliokatwa kwenye gazeti au kalenda, ukazungushwa kwenye sindano, ukagundishwa na kupakwa vanishi. Mtaji ni mdogo, soko linapanda na kushuka, na bila mbunifu wa kweli mtazalisha mikufu inayofanana na ya kila kibanda. Ususi wa mikeka na vikapu kwa rafia, nyuzi za mgomba na mafunjo una nafasi kubwa zaidi. Acaye Kerunen, anayefanya kazi pamoja na wanawake wasusi, alisimama Venice mwaka 2022 kwenye banda la kwanza la Uganda pamoja na Collin Sekajugo, na banda hilo likapewa sifa maalumu na majaji. Nyuzi za mgomba nazipenda hasa kwa sababu mgomba huzaa mkungu mmoja tu kisha shina lake hukatwa, kwa hiyo malighafi ipo kila shamba bila kuharibu kitu. Mafunjo ni jambo jingine: yavunwe kwa kiasi, kwenye kinamasi ambacho bado ni kinamasi.

Makaburi ya Kasubi, ya wafalme wa Buganda, ni ushahidi wangu hapo. Yaliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, yakaungua Machi 2010, na mwaka 2023 yakaondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kuyajenga upya kulihitaji nyasi za kuezekea, matete, lubugo, na watu wanaojua kuvifanyia kazi. Jengo la namna hiyo haliwezi kurudi kama nyasi, matete na mituba vimekwisha. Kazi ya sanaa imefungwa na ardhi kwa fundo ambalo saruji haina.

Matofali ya kufungamana: njia ya wanaojenga hata hivyo

Kama kikundi au shule inajenga darasa, choo au tangi la maji mwaka huu, basi mjadala wa sanaa usubiri kidogo, maana ukuta wenu utagusa mazingira kuliko maonyesho yoyote. Tofali la kuchoma linakula mara mbili: udongo wa mfinyanzi huchimbwa mara nyingi kwenye vinamasi, na tanuru linameza kuni. Misitu ya Uganda ilikuwa ikifunika takriban asilimia 24 ya nchi mwaka 1990, na kufikia 2015 ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya hapo. Tanuru si mkosaji pekee, mkaa na mashamba vimo, lakini ni mkosaji tunayeweza kumwacha bila kulala njaa.

Tofali la kufungamana halichomwi. Ni udongo wa chini, ule mwekundu wenye kokoto ndogo tunaouita marram, unaochanganywa na saruji asilimia 5 hadi 10, ukamwagiwa maji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Lina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, yanashikana, na chokaa ya saruji ya kuunganishia inapungua sana. Moses Musaazi, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Makerere, ndiye aliyelitengenezea umbo la kupinda ili liweze kujenga matangi ya maji ya mviringo. Ni yeye yule aliyebuni MakaPads, taulo za kike zilizotengenezwa kwa mafunjo na karatasi chakavu, jambo linalonifanya nimweke kati ya wabunifu wakubwa wa nchi hii.

Udongo upimwe kabla ya kukodi mashine. Chukueni chupa ya kioo yenye mdomo mpana, jazeni udongo hadi karibu nusu, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni sana, kisha iacheni itulie hadi kesho yake. Mchanga unashuka kwanza na kukaa chini, juu yake unafuata udongo laini, na mfinyanzi unatulia mwisho. Mtaona matabaka kwa macho. Mchanga ukiwa mwingi kuliko vingine na mfinyanzi ukiwepo wa kutosha kushika, mna udongo mzuri. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka. Hili ni somo la sayansi ambalo darasa la sita wanalifanya bila kununua chochote, na mtoto aliyeliona halisahau.

Kwa wanaodhani udongo ni wa maskini, waende Entebbe. Hospitali ya upasuaji wa watoto ya shirika la EMERGENCY, iliyofunguliwa mwaka 2021 karibu na Ziwa Victoria, ilibuniwa na ofisi ya Renzo Piano pamoja na TAMassociati, na kuta zake nene ni udongo ulioshindiliwa, udongo uliochimbwa pale pale kwenye kiwanja, huku paneli za jua zikiwa juu ya paa. Huko Yumbe nako, kwenye makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, kimejengwa kituo cha sanaa na muziki kwa matofali ya udongo yaliyoshindiliwa, chenye paa linalokusanya maji ya mvua. Ndugu zetu wa West Nile hawana haja ya kusafiri hadi Kampala kutafuta mfano.

Swali langu la mwanzo linaibana njia hii kidogo: matofali yakistawi, mashimo yanaongezeka, na shimo lisilofukiwa ni bwawa la mbu na hatari kwa watoto. Tumieni udongo unaotoka kwenye shimo la choo, la tangi au la msingi, ambao mngeutupa hata hivyo. Na muwe na subira: tofali linahitaji kivuli na kumwagiliwa wiki mbili hadi nne kabla ya kubeba mzigo. Wajenzi wengi wanaharakisha hapo, ukuta ukilika wanaulaumu udongo.

Kipima hewa: namba inayomsubiri mtu

Hii ndiyo teknolojia ya kweli kwenye orodha yetu, nayo tunaweza kujivunia kuwa ni ya nyumbani. Mradi wa AirQo ulianzia Makerere mwaka 2015, ukiongozwa na Engineer Bainomugisha (Engineer ni jina lake, si cheo). Mashine za kupimia hewa zinazotumika nchi tajiri huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola na hazikutengenezwa kwa vumbi na kukatika kwa umeme kama kwetu. Wao wakatengeneza vifaa vya bei nafuu vinavyostahimili hali hiyo, vinavyotuma takwimu kwa mtandao wa simu, vingine vikifungwa kwenye nguzo na kuta, vingine vikipanda boda boda na kupima mji barabara kwa barabara.

Kinachopimwa zaidi ni chembechembe laini ziitwazo PM2.5, ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021 linataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Kampala iko juu ya hapo mara kadhaa. Vyanzo tunavijua: barabara za vumbi, magari makuukuu, mkaa na kuni jikoni, na taka zinazochomwa kila jioni mtaani.

Kwa kikundi kidogo nasema wazi: msitumie fedha zenu kununua kipima. Takwimu za AirQo zinapatikana bure kwenye programu ya simu, na kifaa kinahitaji kulinganishwa na mashine ya kuaminika, kusafishwa na kulindwa, la sivyo unyevunyevu na vumbi vitakipotosha nanyi mtatangaza namba za uongo. Kinachokosekana Uganda si namba, ni mtu wa kuichukua namba na kuifanya ionekane. Hapo ndipo sanaa inapoingia, na hapo ndipo kikundi cha shule kinaweza kufanya kazi ambayo wahandisi hawaifanyi. Tundikeni ukutani, karibu na lango, ubao mkubwa wa mbao zinazogeuzwa, kijani, njano, chungwa, nyekundu. Kila asubuhi wanafunzi wawili wasome takwimu za kituo cha karibu na kugeuza rangi ya siku. Asubuhi na jioni ndipo hewa ya Kampala huwa mbaya zaidi, kwa hiyo mzazi anayemshusha mtoto langoni ataiona saa inayomhusu. Baada ya muhula mmoja, rangi hizo zote zichorwe kwenye kitambaa kirefu, siku kwa siku, kipelekwe kwenye kikao cha LC1, baraza la mtaa, pale mnapodai jalala la mtaa liache kuchomwa moto.

Bila hatua hiyo ya mwisho, kipima hewa kinabaki kupima. Hewa haijawahi kusafishwa na namba.

Basi mchague nini?

Shule yenye ardhi Buganda, Busoga au popote mutuba unapokubali: lubugo, bila kusita, na mnunue kazi ya fundi wa jirani wakati miti yenu inakua. Kikundi cha mjini kisicho na ardhi: ubao wa hewa kwanza, kwa sababu gharama yake ni mbao na rangi tu, kisha chupa kwa masharti niliyoyataja. Anayejenga mwaka huu: matofali ya kufungamana, na apambe kuta hizo kwa michoro ya udongo badala ya kununua mapambo. Akina mama wenye ujuzi wa kusuka: msiuache mkimbilie plastiki kwa sababu mfadhili ameipenda, tafuteni mbunifu wa kukaa naye na mwongeze nyuzi za mgomba.

Kilicho na haraka kuliko vyote ni miti, kwa sababu msimu haumsubiri katibu amalize kuandika ripoti. Kusini na katikati ya nchi mvua huanza Machi, kisha tena Septemba. Kaskazini na West Nile ni Aprili hadi Oktoba. Vipande vya mutuba vikatwe kwenye mti wenye afya, kwa ruhusa ya mwenye shamba, virefu na vinene kama mkono wa mtu mzima. Vichomekwe mvua zikiwa zimeshika, mpakani au katikati ya kahawa, na vizungushiwe miiba mapema, kwa sababu mbuzi wanayapenda sana majani yake.